Simu ya Mzazi Mikononi mwa Mtoto: Mambo Ambayo Kila Familia Inafaa Kujua

Katika nyumba nyingi za kaunti, mtoto hana simu yake mwenyewe. Anayoitumia ni ya mama, ya baba, ya nyanya au ya kaka mkubwa. Hupewa jioni mzazi anapopika, wageni wanapofika, au wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba ambapo shule zimefungwa na wazazi wako kazini. Mtoto hutulia, mzazi hupata nafasi ya kumaliza shughuli zake, na siku husonga.

Kwa sababu hiyo, wazazi wengi wakisikia mafunzo kuhusu usalama wa watoto mtandaoni hudhani hayawahusu. Husema mtoto wao bado hajanunuliwa simu. Lakini simu ya kuazima ina hatari zake, na baadhi ni kubwa kuliko zile za simu ya mtoto mwenyewe. Simu ya mzazi ilitayarishwa kwa ajili ya mtu mzima. Ndani yake mna pesa, mazungumzo ya watu wazima, na akaunti ambazo kampuni za mitandao zinaamini ni za mtu wa miaka 35 au 40.

Wakati huo huo, simu hiyo ina manufaa ambayo familia haiwezi kuyapuuza. Mtaala wa CBC unahesabu ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na kazi nyingi za nyumbani humhitaji mwanafunzi kutafuta maelezo, kupiga picha au kurekodi video. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipeperushwa kwa redio, runinga na YouTube, na watoto wasio na chombo chochote nyumbani walibaki nyuma. Kwa hivyo shauri si kuifungia simu kabatini. Shauri ni mzazi aijue simu yake kabla ya kumkabidhi mtoto.

Mtandao humwona mzazi, haumwoni mtoto

TikTok, Facebook, Instagram na WhatsApp huruhusu watu wenye umri wa miaka 13 kwenda juu kufungua akaunti. Vijana wa kati ya miaka 13 na 17 huwekewa kinga ambazo watu wazima hawana. Katika TikTok, akaunti ya kijana wa miaka 13 hadi 15 huwa ya faragha tangu inapofunguliwa, aliye chini ya miaka 16 hawezi kutumiwa ujumbe wa moja kwa moja, na kila aliye chini ya miaka 18 huanza na kikomo cha dakika 60 kwa siku. YouTube nayo huzima ule uchezaji wa video mfululizo kwa watumiaji wa miaka 13 hadi 17, na huwakumbusha kupumzika na kwenda kulala.

Kinga hizo hutegemea zaidi jambo moja, nalo ni tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye akaunti. Mtoto wa miaka minane anapotazama video kwa akaunti ya mama yake, mtandao haujui kwamba aliyeshika simu ni mtoto. Kwa hesabu zake, anayetazama ni mama. Hakuna kikomo, hakuna kizuizi cha ujumbe, na matangazo yanayoletwa ni ya watu wazima.

Kuna jambo la pili. Mitandao hii huchagua video ya kufuata kwa kuangalia yale ambayo akaunti imetazama, imetafuta, imeruka au imekaa nayo muda mrefu. Baba akitazama usiku video za mapigano, kamari au vichekesho vya matusi, mfumo huo hukumbuka. Asubuhi mtoto akipewa simu ile ile atazame katuni, hatachukua muda kabla ya kuletewa vitu vinavyofanana na alivyotazama baba. Mtoto hakuvitafuta. Vimemfuata alipo.

Runinga ina utaratibu tofauti. Chini ya kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, vipindi vya watu wazima haviruhusiwi kati ya saa kumi na moja asubuhi na saa nne usiku. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya hutoa alama za GE kwa filamu zinazofaa wote, PG kwa zinazohitaji uangalizi wa mzazi, na 16 na 18 kwa zile zenye kikomo cha umri. Simu haina bawabu wa namna hiyo. Bawabu ni mzazi.

Hatua tano zinaweza kuchukuliwa na mzazi yeyote mwenye simu ya kisasa:

1. Kupakua mapema video au somo linalofaa, kisha kuzima data kabla ya kumpa mtoto simu. Njia hii huokoa bando pia.

2. Kutumia kipengele cha kubandika skrini, ambacho hupatikana katika sehemu ya usalama kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android. Mtoto hubaki ndani ya programu moja, na hawezi kutoka bila nambari ya siri ya mzazi ikiwa chaguo la kuuliza nambari hiyo limewashwa.

3. Kuwasha hali ya YouTube inayozuia maudhui ya watu wazima, na kufuta historia ya video zilizotazamwa.

4. Kuweka nambari ya siri kwenye sehemu ya udhibiti wa wazazi katika Play Store, ili mtoto asiweze kupakua programu au michezo isiyolingana na umri wake.

5. Pale ambapo familia ina kishikwambi au simu ya zamani iliyotengewa mtoto, kumfungulia akaunti yake kupitia Google Family Link. Huduma hii ni ya bure. Humwezesha mzazi kuchagua programu, kuweka muda wa matumizi na saa ya kufunga usiku.

Hakuna hatua kati ya hizi inayofanya kazi kikamilifu peke yake. Watoto wakubwa hujifunza kuzikwepa, na video mbaya hupenya. Zinachofanya ni kupunguza uwezekano, na kumpa mzazi nafasi ya kuzungumza na mtoto kabla ya madhara kutokea.

Kwa nini mtoto haachi simu akiambiwa

Mtoto anapolia na kujitupa chini baada ya kunyang'anywa simu, wengi huona ni utovu wa adabu. Sehemu ya tatizo iko kwenye programu yenyewe. Kipindi cha watoto cha runinga kilikuwa na mwanzo na mwisho. Taarifa ya habari ilipoanza, mtoto aliinuka akaenda nje. Video fupi hazina mwisho. Moja ikiisha, nyingine imeshaanza, na mtoto hajui kama ijayo itamchekesha au la. Kutojua huko ndiko kunakomfanya aendelee kutelezesha kidole.

Watu wazima wenyewe hushindwa kuacha, ilhali sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia huendelea kukua hadi baada ya umri wa miaka 20. Mtoto wa miaka mitano anaombwa kufanya jambo ambalo mwili wake haujakomaa kulifanya.

Kinachosaidia ni mwisho kujulikana kabla ya kuanza. "Utatazama katuni mbili" ni agizo ambalo mtoto anaweza kulielewa, kuliko "tazama kidogo tu". Kumwonya dakika tano kabla hupunguza mvutano, na kuwa na jambo la kufanya mara baada ya hapo, kama kuoga, kula au kwenda kucheza, humwondoa kwenye simu bila vita. Pia haifai simu iwe dawa ya kila kilio. Mtoto anayenyamazishwa kwa skrini kila mara hukosa kujifunza kujituliza mwenyewe.

Umri na muda

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mwongozo huo unasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na mtoto wa mwaka mmoja pia haifai. Kuanzia miaka miwili hadi minne, muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unapendekeza mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, shirika hilo halikutaja idadi ya saa za skrini. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unapendekeza angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kwa siku, na kupunguza muda wa kukaa kitako, hasa ule wa burudani za skrini. Mzazi wa mtoto wa umri huu anaweza kujiuliza maswali manne. Je, amelala vya kutosha? Amecheza nje na kutoa jasho? Amemaliza kazi ya shule na kusaidia kazi za nyumbani? Amezungumza na watu wa nyumbani kwake leo? Majibu yote yakiwa ndiyo, saa moja ya katuni haina haja ya kuleta ugomvi. Jibu moja likiwa hapana siku baada ya siku, skrini imeanza kula kitu ambacho mtoto anakihitaji.

Usingizi ndio huliwa kwanza. Mwanga wa skrini usiku huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na video zenyewe humchangamsha mtoto. Mtoto anayesinzia darasani asubuhi huenda hana tatizo la masomo, bali alikuwa na simu chini ya blanketi. Simu ikizimwa saa moja kabla ya kulala, na kulala nje ya chumba cha watoto, tofauti huonekana baada ya siku chache.

Macho nayo huchoka. Mtoto anayetumia skrini kwa masomo afundishwe kuinua macho kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Kucheza nje mchana humkinga na tatizo la kutoona mbali.

Kwa watoto wachanga, jambo kubwa ni lugha. Mtoto mdogo hujifunza maneno kwa kuzungumziwa na kujibiwa. Akitoa sauti, mama humjibu, naye hujaribu tena. Katuni huzungumza bila kumsubiri mtoto, na huwa haimjibu. Hata hivyo, mtoto anayechelewa kuzungumza asidhaniwe moja kwa moja kuwa ameharibiwa na simu. Huenda hasikii vizuri. Mzazi anashauriwa kumpeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au kuzungumza na mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake, ili apimwe mapema.

Pesa na laini ya mzazi

Watoto wengi hujua nambari ya siri ya M-PESA ya mzazi. Wengine walitajiwa walipotumwa dukani, wengine waliiona tu ikibonyezwa mara kwa mara. Wengine wameikisia, kwa kuwa ni mwaka wao wa kuzaliwa. Kwa nambari hiyo, mtoto anaweza kununua bando au kulipia vitu vya michezo ya mtandaoni. Kijana anaweza kucheza kamari, jambo ambalo kisheria haliruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kampuni ya kamari haitamtambua kuwa ni mtoto, kwani laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Pesa za karo au za chama zikipotea, mzazi huwashuku matapeli kumbe zilitokea sebuleni.

Matapeli nao hupenda simu iliyo mikononi mwa mtoto. Mtoto huahidiwa almasi za mchezo au bando la bure ikiwa atabonyeza kiungo au kutaja nambari ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe mfupi. Nambari hiyo inaweza kuwa ndiyo ufunguo wa akaunti ya WhatsApp ya mzazi. Baada ya dakika chache, jamaa na marafiki huanza kupokea jumbe za kuombwa pesa kwa jina lake.

Mzazi anashauriwa kubadilisha nambari ya siri ya M-PESA, kuhakikisha haifanani na ile ya kufungulia simu, na kutomtuma mtoto nayo. Mtoto naye afundishwe kanuni moja rahisi: nambari yoyote inayoingia kwa ujumbe mfupi haisomewi mtu, hata akijiita mwalimu au afisa wa kampuni ya simu.

Wageni wasiobisha hodi

Mtu mgeni akiingia nyumbani na kuomba kuzungumza na mtoto wa miaka 11 faraghani, wazazi na majirani watamzuia. Mtandaoni mgeni huyo haonekani. Hukutana na mtoto kwenye mchezo wa pamoja, kwenye maoni ya video au kwenye kundi la WhatsApp ambalo mtoto aliunganishwa na rafiki.

Njia yake huwa moja. Huanza kwa sifa. Hujidai kuwa wa rika la mtoto. Hutoa zawadi ndogo, kama salio la simu. Kisha humwambia mtoto asimwambie yeyote, na kumhamishia kwenye mazungumzo ya wawili. Baadaye huomba picha. Akishapata moja, huomba nyingine au pesa, kwa kutisha kwamba ataitangaza ile ya kwanza. Mtoto hunyamaza kwa aibu, na kwa kuogopa kwamba mzazi atamlaumu.

Hofu hiyo ndiyo nguvu ya mhalifu. Nyumba ambamo mtoto anajua kwamba akisema ukweli atasaidiwa kabla ya kukaripiwa humnyima mhalifu silaha yake. Mzazi anayetishia kwamba simu itachomwa moto siku akisikia neno baya anaweza kuwa mtu wa mwisho kujua.

Dalili za kuangalia ni pamoja na mtoto kuficha skrini mtu anapokaribia, kuwa na salio au zawadi zisizojulikana zilikotoka, kufuta jumbe zote, kukosa usingizi, kujitenga, au kuanza kuogopa simu inapolia.

Likitokea jambo, mzazi asilipe pesa na asifute jumbe. Nambari, jina la akaunti na mazungumzo vihifadhiwe ndani ya simu, na simu ipelekwe kwa polisi. Picha za mtoto zisitumwe kwa mtu yeyote wala kundi lolote, hata kwa nia ya kuwaonya wengine, kwa sababu kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inalinda watoto dhidi ya dhuluma zinazofanywa kupitia mtandao.

Picha zinazotumwa na wazazi wenyewe

Hatari nyingine hutoka kwa mkono wa mzazi. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, jina lake na la shule vikiandikwa chini, humpa mtu asiyejulikana habari zote za kumfikia. Picha ya mtoto akioga au akiadhibiwa, iliyochekwa leo kwenye kundi la familia, inaweza kumrudia akiwa kidato cha pili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa na shule, kampuni au shirika. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mzazi ana haki ya kuuliza shule, madrasa, kanisa au kituo cha malezi kitafanyia nini picha za mwanawe, na ana haki ya kukataa.

Nje ya mlango wa nyumba

Mzazi anaweza kufunga kila kitu kwenye simu yake, kisha mtoto akatazama yale yale kwa jirani au kwenye banda la video. Ulezi wa aina hii ni wa mtaa mzima. Majirani wanaoaminiana wanaweza kukubaliana kuhusu saa na aina ya video, na mwenye Wi-Fi akaepuka kuwapa watoto nywila bila wazazi wao kujua.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti usimamizi wa maonyesho ya video, sinema, kamari na maktaba, pamoja na elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Mkazi anayeona banda la video likionyesha filamu za watu wazima mbele ya watoto, au mashine za kamari zikichezwa na wanafunzi, anaweza kuripoti kwa msimamizi wa wadi au kwa chifu. Wazazi wa watoto wa chekechea wanahimizwa kuuliza walimu kama runinga hutumiwa darasani au kituoni, na kwa muda gani.

Makubaliano ya nyumbani

Kanuni za simu hufanya kazi zinapowahusu wote wenye nyumba. Mtoto anayeambiwa aweke simu chini na baba ambaye macho yake hayajatoka kwenye simu hujifunza alichokiona. Vilevile, jukumu hili si la mama peke yake. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza na kumlinda mtoto, wawe wameoana au la. Baba aliye mbali kikazi anaweza kujua mwanawe anatazama nini, kwa kumuuliza tu anapopiga simu.

Familia zinaweza kuanza na makubaliano machache:

Simu zote, za wakubwa na wadogo, huwekwa mahali pamoja wakati wa chakula. Hakuna simu inayolala kwenye chumba cha watoto. Video hutazamwa sebuleni, kwa sauti inayosikika, si chini ya blanketi wala kwa vifaa vya masikioni. Kila wiki mtoto humwonyesha mzazi video au mchezo mmoja anaoupenda, na mzazi hukaa atazame bila kukosoa. Anayeona jambo la kutisha hulisema, wala haadhibiwi kwa kusema.

Kwa vijana wa sekondari, makubaliano hubadilika. Sheria ya Watoto inalinda faragha ya mtoto, lakini pia inampa mzazi haki ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Kusoma kila ujumbe wa kijana wa miaka 16 kwa siri humfundisha kuficha vizuri zaidi. Kumwambia wazi kwamba mzazi atauliza anazungumza na nani, na kwa nini, humwacha na heshima yake huku akijua kuna macho.

Nafasi inayoachwa na simu lazima ijazwe. Mtoto aliyenyimwa skrini bila kupewa kitu kingine ataizunguka simu siku nzima. Bano, kati, kuruka kamba na kandanda havihitaji bando. Kitabu cha maktaba hakina matangazo. Usiku wa likizo, vitendawili na hadithi za nyanya humfanya mtoto asikilize, ajibu na acheke pamoja na wengine, mambo ambayo skrini haimpi. Kazi za nyumbani pia, kama kuchota maji, kupika na kulisha kuku, humjengea mtoto kujiamini.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulikuwa nje ya boma, na mtoto aliufikia akiwa amekua. Sasa umo ndani ya simu iliyo mezani, na mtoto wa miaka minne anaweza kuufungua kwa kidole. Mafunzo ya nyumbani hayana budi kutangulia.

Pa kupata msaada

Mtoto au mtu mzima anaweza kupiga simu ya watoto, nambari 116, wakati wowote bila malipo. Wanaojibu ni washauri waliofunzwa, na huelekeza familia kwa huduma zinazofaa. Idara ya Upelelezi wa Jinai hupokea taarifa kupitia nambari ya bure 0800 722 203, na ina kitengo maalumu cha kulinda watoto. Afisa wa watoto hupatikana katika makao ya kaunti ndogo, na huduma zake hazilipiwi. Kituo cha polisi kilicho karibu, chifu na mwalimu wa shule wanaweza pia kumsaidia mzazi asiyejua pa kuanzia.

Mtoto aliyedhulumiwa apelekwe hospitalini mara moja ikiwa ameguswa au kujeruhiwa. Na hata pale ambapo hakuna jeraha linaloonekana, asiachwe abebe jambo hilo peke yake.